Leseni ya Mashine Iliyokufa

Mvua ya Kakamega haipigi hodi. Siku ile ilishuka saa tisa alasiri, na radi yake ya kwanza ikapita kwenye waya za umeme hadi ndani ya kompyuta ya Muhonja, nyumbani kwake Shieywe. Alikuwa amesimama dirishani akipokea karatasi za mteja. Alisikia mlio mmoja tu, kama kijiti kikavu kinapovunjwa, kisha harufu ya kitu kilichoungua ikajaa sebuleni.

Jioni hiyo akamwita shemeji yake, Titus Shikanga, fundi wa kompyuta mwenye chumba kidogo mjini juu ya duka la mbegu. Titus aliifungua mashine palepale mezani. Bodi kuu ilikuwa imebabuka na kuwa nyeusi kama kitako cha sufuria. Diski peke yake ndiyo iliyosalimika.

"Itapona?" Muhonja aliuliza.

"Hii haiponi, shemeji. Lakini nitakuundia nyingine, niihamishie diski yako. Kazi zako zote utazikuta."

Mashine hiyo ilinunuliwa na Lusweti, mume wa Muhonja na kaka yake Titus, mwaka mmoja kabla ya ugonjwa kumchukua. Aliinunua mpya, ikiwa bado ndani ya sanduku lake, Windows imewekwa tayari tangu kiwandani na stika ya leseni imebandikwa ubavuni. Tangu mazishi, Muhonja alikuwa akiwalea watoto wake kwa kuchapa: ratiba za matanga, barua za kuomba kazi, tasnifu za wanafunzi wa chuo kikuu. Sasa ilikuwa imetokea kazi kubwa kuliko zote hizo. Chama kimoja cha wakulima wa miwa kilitaka mtu wa kuingiza madaftari yake ya zamani kwenye kompyuta, majina ya maelfu ya wakulima, kila mmoja na shamba lake na mipaka yake. Ilikuwa kazi ya mwaka mzima. Wafadhili wa chama walikuwa na sharti: kila programu kwenye mashine iwe halali, na mwombaji atie sahihi kwamba ni halali.

"Mimi nimeshatia sahihi," Muhonja alimwambia. "Kwa hivyo usiniwekee hizi za wizi mnazowekeanga watu huko mjini. Weka ile ya Lusweti. Ile tulinunua."

"Nitaweka," Titus akasema.

Siku tatu baadaye, chumbani kwake mjini, vipuri vyote vipya vilikuwa vimekaa mahali pake ndani ya kasha jeusi lisilo na jina la kampuni yoyote. Titus alichomeka ile diski ya zamani, akawasha. Ikaamka bila shida. Picha ya Lusweti ikatokea kwenye kioo, amevaa suti yake ya Jumapili, na chini upande wa kulia maandishi hafifu yakisema kwamba Windows hii haijathibitishwa.

Hakushangaa. Alijua tangu kabla ya kukaza skrubu ya kwanza. Leseni inayokuja na mashine kutoka kiwandani haihami. Mwenye kiwanda huipata kwa nafuu, kwa masharti kwamba itaishi na mashine ileile na kufa nayo. Ukitaka ya kuhama nayo, unanunua ile inayouzwa peke yake. Jambo hili Titus alikuwa amewaeleza wateja wengi, tena huku akinywa chai, bila kuona ugumu wowote. Lakini kwenda kumwambia Muhonja kwamba kile alichoachiwa na mumewe si chake, ulimi ulimwia mzito, kwa sababu ambayo hakupenda kuitazama.

Akapiga simu kwa ile namba ya kuthibitishia. Ilipokea sauti iliyorekodiwa. Sauti ikamuuliza kama Windows hiyo imewekwa kwenye kompyuta ngapi. Akabonyeza moja. Ikauliza kama kuna kifaa kilichobadilishwa kwa sababu ya hitilafu. Akakubali. Kuhusu bodi ilikuwa kweli kabisa. Kwamba kasha, prosesa na kila kitu kingine pia ni kipya, hakuulizwa, naye hakusema. Sauti ikamsomea tarakimu, akaziingiza, na yale maandishi hafifu yakatoweka.

Angeweza kuishia hapo. Lakini aliazima kikausha nywele kwenye saluni ya jirani, akaipasha moto stika ya kasha la zamani mpaka gundi ikalegea, akaibandua polepole kwa wembe na kuibandika kwenye kasha jipya. Haikuchanika hata kidogo. Aliitazama kazi yake na kuona ni nzuri, kisha akaenda kuosha mikono.

"Iko sawa?" Muhonja aliuliza alipoletewa.

"Iko sawa."

"Ni ile yetu?"

"Ni ileile."

Muhonja akaipangusa vumbi kwa leso yake, ingawa haikuwa na vumbi. Kasha la zamani, ambalo Titus alilirudisha pia, aliliweka nyuma ya nyumba, na kabla ya wiki kuisha kuku wake alikuwa ameanza kutagia humo.

Mkaguzi wa chama alikuja Jumanne asubuhi. Aliitwa Jepkoech, mwanamke wa makamo kutoka Lugari, mpole wa maneno, na aliongozana na mzee Wangila, katibu wa chama. Muhonja alikuwa amemwomba Titus awepo, maana yeye ndiye fundi. Aliwaandalia chai na njugu. Jepkoech alikunywa nusu kikombe, akaketi mbele ya mashine, akaandika maneno machache, na kijidirisha kikafunguka kwenye kioo, kikionyesha kwamba leseni ni ya kiwandani. Alikisoma mara mbili. Kisha akaligeuza kasha kwenye mwanga wa dirisha na kuitazama stika.

"Mama, hii mashine uliinunua ikiwa hivi?"

"Hapana. Shemeji yangu ameniundia. Ile ya kwanza ilipigwa na radi."

"Na hii stika ina jina la kiwanda, kasha halina. Mashine ya kwanza iko wapi?"

"Iko hapo nyuma. Njoo uone."

Muhonja aliwatangulia, bila wasiwasi wowote, akamfukuza kuku na kulivuta kasha la zamani hadi kwenye jua. Ubavuni, katikati ya uchafu wa miaka, palikuwa na mstatili mdogo uliobaki safi. Jepkoech aliinama na kuutazama.

"Stika ilitoka hapa."

"Ndiyo," Muhonja alisema. "Ni yetu. Mume wangu aliinunua pamoja na mashine."

Jepkoech akamweleza taratibu. Akasema leseni ya namna hiyo ni ya mashine, si ya mtu, na mashine yenyewe ndiyo hii iliyojaa manyoya. Muhonja alisikiliza huku ameshika yai mkononi. Kisha mkaguzi akamgeukia Titus.

"Wewe ndiye fundi. Ulikuwa unajua?"

"Nilikuwa najua."

"Ulimwambia?"

Mzee Wangila alikuwa akimtazama. Mwezi uliopita tu chama kilikuwa kimezungumza na Titus kuhusu kutengeneza kompyuta zake zote.

"Tulielewana," Titus akasema.

Muhonja aligeuka akamtazama. Jepkoech akaandika kwenye daftari lake, akashukuru kwa chai, nao wakaondoka.

Barua ya chama ilimfikia Muhonja Alhamisi. Ombi lake lilikuwa limeondolewa kwa kuwa alitia sahihi tamko lisilo la kweli. Kufikia Ijumaa habari ilikuwa imekwenda sokoni na kurudi ikiwa imenenepa. Mmoja alisema Muhonja ameiba kompyuta, mwingine akasema amekamatwa na vyeti bandia. Mwanafunzi wa chuo aliyekuwa ameacha tasnifu yake alikuja kuichukua kabla haijaisha, akisema tu kwamba amepata mtu mwingine.

Jumamosi Titus alikwenda Shieywe. Alimkuta Muhonja amekaa mlangoni akichambua mrenda.

"Mulembe, shemeji."

"Mulembe." Hakuinua uso. "Tulielewana lini?"

Titus alibaki amesimama. Hakukaribishwa kiti.

"Nilitaka kukusaidia," alisema.

"Najua ulitaka. Hilo silikatai. Lakini ungeniambia siku ileile, 'Shemeji, hii haihami,' ningetafuta nyingine. Ama ningeikosa kazi, jina langu likabaki. Sasa nimekosa vyote viwili."

"Niliogopa kukuambia."

"Hukuogopa. Ulinyamaza. Wewe hunyamazanga." Sasa alimtazama. "Siku Shivachi alipochukua ile ploti ya Lubao, akasema eti Lusweti alikuwa amempa, wewe ulikuwa umeketi papo hapo. Lusweti alikuambia hospitalini, kwa mdomo wake, kwamba ploti ni ya watoto. Nilikutazama nikingoja useme. Ukainua kikombe, ukanywa chai."

Titus alihisi uso unamwaka. Shivachi alikuwa kaka yao mkubwa, aliyemlipia karo baada ya baba yao kufa. Jambo hilo alilitumia kama kinga kwa miaka miwili, lakini pale mlangoni alishindwa hata kulitamka.

"Kila kitu alichoniachia Lusweti naambiwa si changu," Muhonja aliendelea, na sauti yake haikupanda. "Kampuni ikiniambia hivyo, sawa, kampuni hainijui. Wewe unanijua."

Akarudi kwenye mboga zake. Titus alingoja kidogo, kisha akaenda zake kwa miguu mpaka mjini, bodaboda zikimwita njia nzima.

Jumatatu alikuwa wa kwanza mlangoni pa ofisi ya chama. Alimweleza Jepkoech kila kitu bila kujipaka mafuta: simu, wembe, kikausha nywele, na kwamba Muhonja hakuwa amejua lolote.

"Ungesema haya Jumanne," Jepkoech alisema, "ningempa wiki moja atafute leseni nyingine. Sasa kazi imeshakwenda kwa watu wa Kisumu, na wametia sahihi."

"Haiwezi kurudi?"

"Haiwezi. Andika maelezo yako, niyaweke kwenye faili lake. Madaftari ya awamu ya pili yatatangazwa mwakani, ataomba upya kama mtu safi. Lakini wewe, bwana Titus, kompyuta zetu hatutakupa."

"Naelewa."

Aliandika kurasa mbili, akatia sahihi. Mzee Wangila alizisoma, akazikunja.

"Karatasi ni ya kabati," mzee alisema. "Jina la yule mama limeharibikia kwa watu."

Kwa hiyo Ijumaa, siku ya mkutano wa wanachama, Titus alisimama mbele ya wakulima waliojaa ukumbini na kuyasema yaleyale kwa mdomo. Wengi hawakuelewa leseni ni nini, lakini wote walielewa aliposema, "Mama huyu hakudanganya. Mimi ndiye nilimdanganya, kisha nikamwacha abebe lawama." Mwanamume mmoja aliguna. Hakuna aliyempongeza. Wiki iliyofuata wateja wawili walikuja kuchukua mashine zao ambazo hakuwa amezimaliza, na hakuwauliza sababu.

Muhonja hakumpigia simu. Titus alikuja kusikia kwa watu kwamba amenunua leseni yake mwenyewe, ile inayouzwa peke yake, na kwamba aliyemwekea ni fundi wa pale chuoni. Habari hiyo ilimchoma zaidi ya alivyotarajia. Wateja wa kuchapiwa walirudi kwa Muhonja mmoja mmoja, si wote.

Mwezi wa pili tangu mkutano ule ulipokuwa unaisha, simu ya Titus ikalia asubuhi akiwa kazini.

"Shemeji," Muhonja alisema. "Nimepeleka mambo ya ploti kwa chifu. Kikao ni Alhamisi, saa nne."

"Shivachi anajua?"

"Anajua. Amesema hakuna shahidi. Usiniambie utajaribu. Niambie unakuja ama huji."

Titus alitazama mashine iliyokuwa wazi mezani. Akamkumbuka Shivachi akimpeleka shule, yeye akiwa na miaka kumi na tatu, viatu vipya vikimbana.

"Nakuja," akasema.

Alhamisi alifika kabla ya saa nne. Kwenye uwanja wa ofisi ya chifu mabenchi mawili yalikuwa yameelekezana. Shivachi alikuwa amekwisha kuketi, kofia magotini, na alipomwona mdogo wake alisogea kumpisha nafasi kando yake. Titus alimwamkia kwa heshima, kwa mikono miwili, kisha akavuka na kwenda kuketi upande wa Muhonja. Muhonja hakumtazama. Alisogeza tu mkoba wake ili apate pa kukaa. Upande wa pili, Shivachi aliondoa macho kwake taratibu, akaanza kuizungusha kofia mikononi, na chifu akauliza nani ataanza kusema.