Tulimubeba Mukakalisa Mbele Sheria Ivunjwe

Radio njo ilianzisha yote. Nilikuwa nakunywa chai asubuyi, mara nasikia badepite, wale wabunge wetu kule Kinshasa, wanataka kuvunja sheria ya mituweli na kuweka ingine mupya. Mituweli ni ule mupango wa kutulipia kwa hospitali. Karte yetu, bibi yangu Mukakalisa, mama ya watoto wangu, anaichunga ndani ya Biblia. Sasa siku ya ine ya juma hili njo walipashwa kumupasua macho. Cataracte. Yote mbili yamefunikwa kama maziwa, ukiingia anakujua kwa sauti tu. Wajukuu wengine hajawaona sura.

"Na sheria ikivunjwa siku ya tatu?" nikamuuliza. "Karte itakuwa ya kazi gani?"

"Si wataweka ile mupya?"

"Ile mupya bado wanaigombania! Mumoja anasema ya zamani itoke kwanza, mwengine anasema hakuna kitu itatoka."

"Sasa itatoka ao haitatoka?"

"Njo nakuuliza weye!"

Mi sikusoma sana, ng'ombe za baba zilinitoa kwa masomo mapema. Lakini sheria moja ninaijua, ya ingobyi. Kwetu milimani Masisi, ingobyi ni kile kitanda cha kusuka cha kubebea mugonjwa kwa mabega, na kila nyumba inatoa mwanaume wa kubeba. Ikizeeka, tunasuka ingine. Lakini mutu akisha kulala ndani ya ile ya zamani, ile ya zamani njo itamufikisha. Hakuna kumushusha njiani ati mupya imeisha kusukwa. Nikawaza: badepite nao walizaliwa na watu, hawawezi kukosa kujua ile. Mukakalisa alale ndani leo, mambo iishe.

Nikaenda kwa Darius, jirani yetu hapa Katoyi, njo anachunga ingobyi ya watu wa kilima chetu.

"Bibi amezidiwa?" akauliza.

"Hapana. Ni sheria njo imezidiwa."

Akaniangalia sana. Kisha akaenda kuita wabebaji.

Mukakalisa akapiga makelele: "Miguu yangu iko mizima! Twagirayezu, unanipitisha mbele ya watu kama maiti?"

"Lala tu, mama watoto. Ukilala, uko ndani."

Mawe ya volkano munayajua, wabebaji wanapepesuka, na yeye huku juu anatutukana mumoja mumoja na majina ya baba zetu. Kijana mwenye kusukuma chukudu, ile baiskeli ya mbao, akatupisha, akacheka: "Wazee, huyo mugonjwa wenu atapona, sauti iko mingi!"

Kwa hospitali muuguzi Exaucée akaja mbio. "Ameanguka? Anatapika?"

"Macho," nikasema.

"Macho? Rendez-vous ni lini?"

"Siku ya ine."

"Papa, leo ni siku ya pili!"

Nikamuelezea mambo ya ingobyi na badepite. Akacheka mupaka akashika ukuta. Kisha akashusha sauti.

"Papa, hata siye hatujui. Mukubwa wetu anasema tuendelee, mutu wa mituweli anasema tungoje. Badepite walipiga kura, lakini basenateri, wale wa baraza ya juu, bado."

"Nao basenateri wako na ingobyi yao?"

"Sijui, papa." Akapokea karte, akaigeuza-geuza. "Basi, huyu mama ameingia leo. Wakiniuliza, nitasema alifika amebebwa."

Mukakalisa kule chini: "Kwa hiyo sasa naweza kusimama?"

"Bado!" siye wote.

Siku ya ine wakapasua jicho la kuume. Walipotoa bandeji, akaniangalia, akaniangalia. "Ni weye? Ulizeeka hivi lini? Na hiyo kofia, nani alikupa?" Nikalia, muache niseme kweli. La kushoto, dokta akasema litangoja mupaka hili lipone.

Sasa la kushoto liko kwa sheria gani? Darius anasema macho yote yalilala ndani ya ingobyi siku moja, hawawezi kushusha moja njiani. Mi naona amesema vizuri. Lakini asubuyi hii radio inasema sheria imerudishwa kwa komisyo, ile kamati ya badepite ya kuichunguza tena. Kurudishwa ni kusema imekufa, ao imepona? Nikamuuliza Mukakalisa. Akafunika jicho lake jipya na kiganja, akanigeuzia la kushoto.

"Huku bado ni maziwa," akasema. "Usimurudishie Darius ingobyi yake."