Kaburi Kwenye Foleni ya Wageni

Saa nne asubuhi, siku ambayo kisiwa kizima cha Jeju, Korea Kusini, hufyeka makaburi, Bu Myong-ja alikuwa bado amekalia sanduku lake nyuma ya mstari wa njano, ukumbi wa wanaowasili, uwanja wa ndege. Ana miaka sabini na nne. Kazaliwa Osaka, Japani, kauza kimchi, kabichi ya kuchachua yenye pilipili, huko huko Osaka, na cheti chake cha safari kinasema yeye ni mtu wa Korea, ile ya zamani, iliyokatwa vipande viwili kabla hajazaliwa.

Ndege ya kumrudisha ilikuwa saa tisa. Binamu aliyekuwa akifyeka kaburi la baba yake alifariki mwaka huu, na kaburi lisilofyekwa siku hiyo watu husema halina mwenyewe. Hilo Myong-ja asingelivumilia hata kidogo.

"Bibi, jaza tu hapo kwamba unaomba uraia wa Kusini," alisema Afisa Kang wa uhamiaji, kijana mpole, kwa mara ya tatu. "Mambo yataisha."

"Baba alitoka hapa nchi ikiwa moja. Akaniachia hiyo hiyo, nzima. Leo niikubali nusu ili unipishe?"

"Aa, bibi nawe! Ni karatasi tu."

"Kama ni karatasi tu, nipishe bila hiyo."

Saa tano kaburi la baba yake likaingia. Lilikuja lenyewe kutoka shambani, pamoja na ukuta wake wa mawe meusi, nyasi zimefika kiunoni. Mfagiaji akasogeza ndoo. Likavuka mstari wa njano, likatua mbele ya Myong-ja.

"Mbona hivi, Baba? Kichwa chote kichaka!"

Mundu ulikuwa umechomekwa ukutani. Akauchukua, akafyeka saa nzima bila kupumzika, watalii wakipanga foleni kumzunguka. Afisa wa mimea akaja kuuliza kama udongo ule umetoka nje ya nchi, akaambiwa hapana, akaenda zake. Myong-ja akatoa pombe ya mchele sandukuni, akaimwagia kaburi, akasujudu mara mbili. Alijaa fahari hata akasahau magoti yanayomuuma.

Kaburi kurudi ndani ya nchi kulihitaji ukaguzi. Kang akasoma jina kwenye jiwe la kaburi, akalitafuta kwenye daftari la wazaliwa, akalikuta.

"Bu Chang-su, mwenyeji. Pita, mzee."

Kaburi likapita. Myong-ja akalifuata.

"Wewe hapana, bibi."

Kaburi likasubiri kidogo mlangoni, kisha likashika njia ya shambani.

Kang akaleta fomu ya kumrudisha. Sababu: hana uthibitisho wa uhusiano wowote na kisiwa hiki. Myong-ja akaisoma neno kwa neno, akafunga vifungo vya koti, akanyoosha mgongo, akakandamiza kidole gumba chini ya maneno hayo. Alama ikatoka ya kijani, rangi ya nyasi.

Kang akaiinua kwenye mwanga.

"Inasomeka," akasema, akagonga muhuri.