Bendera ya Mwisho wa Foleni

Muriel Thwaite alikunja hema kabla wasimamizi wa foleni hawajapita kuwaamsha watu. Lilikuwa na umande, na hema likikunjwa na umande hunuka, lakini hilo halikumsumbua. Hakuwa na mpango wa kulala humo tena. Alimketisha mumewe, Hedley, kwenye kiti cha kukunja, akamvalisha soksi za pili juu ya zile za kwanza, akammenyea yai la kuchemsha na kumtilia mkononi.

"Mu," Hedley alisema, "tuko mbali na mbele?"

"Tuko karibu. Kula yai."

"Tutapata Uwanja wa Kati?"

"Tutapata. Kula yai, Hedley."

Alikuwa amemwita Mu. Kuna asubuhi nyingine hakumjua kabisa. Alimwita bibi, akamshukuru kwa chai kama mgeni anavyomshukuru mhudumu wa hoteli. Na kesho yake gari la nyumba ya kutunzia wazee lingekuja kumchukua. Binti yao Philippa alishapanga kila kitu, na majina yalishashonwa kwenye kola za mashati. Muriel hakuwa amebishana. Mgongo wake haukuweza tena kumwinua mtu mzima kutoka kwenye beseni la kuogea, na mgongo haubishaniwi. Alichotaka ni siku moja: Hedley aketi tena Uwanja wa Kati wa Wimbledon, azione zile nyasi, asikie mpira ukigonga raketi, na ajue ni nani aliyeketi kando yake.

"Mama, una wazimu," Philippa alikuwa amemwambia kwenye simu. "Mtu mwenye ugonjwa wa kusahau unamlaza kwenye hema? Si ununue tiketi?"

"Hizo ni za bahati nasibu, na bahati sina. Foleni haimkatai mtu."

"Basi atazame kwenye televisheni."

"Televisheni anaiona kila siku. Anadhani ni dirisha."

Nyuma yao kwenye foleni alilala mwanamke mmoja kutoka Swansea, Gwenda Prosser, mara yake ya kwanza kuja. Alikuwa ametoka hemani mwake akiwa amejipaka rangi ya mdomo, na sasa alikuwa akihangaika na begi lililomzidi kimo.

"Dada," Muriel alimwambia, "hilo begi ni la kuhamia Australia. Langoni hawalikubali. Lipeleke sasa hivi pale wanapohifadhi mizigo, ubaki na mfuko mdogo unaoingia chini ya kiti."

"Lina vitu vyangu vyote!"

"Koti la mvua, mafuta ya jua, maji, sandwichi. Vingine vyote ni uzito. Na hiyo kofia? Atakayekaa nyuma yako ataangalia tenisi au ataangalia kofia?"

Gwenda aliivua kofia, akaitazama kwa huruma. "Na viatu je? Usiniambie na viatu."

"Hivyo ni vya nini?"

"Vya kupigia picha."

"Basi vipige picha halafu uvivue. Plasta unazo? Huna. Chukua hizi. Na chai usinywe kama ngamia. Ukitoka uwanjani kwenda chooni, hurudi kwenye kiti chako mpaka wachezaji wabadilishane upande. Utasimama mlangoni unasikia watu wanashangilia, wewe huoni kitu."

"Jamani! Una ulimi, mama!"

"Usimwogope," Hedley alisema, mdomo umejaa yai. "Anauma kidogo tu, halafu anakufunga bandeji."

Gwenda alicheka mpaka akajishika kiuno. Muriel hakucheka. Aligeuka akajifanya anafunga kamba za hema, maana ule ulikuwa utani wa Hedley mwenyewe, wa zamani, na ulikuwa umemtoka bila kutafutwa.

Msimamizi wa foleni kwenye sehemu yao alikuwa Bi Okell, mwanamke mrefu mwenye sauti ya mtu aliyezoea kusoma kanisani. Alipita akitangaza. "Kila mtu asimame mahali pake na kadi yake ya namba ya foleni mkononi. Muda si mrefu tunagawa mikanda ya kuingilia Uwanja wa Kati. Mkanda naufunga mimi kwenye mkono wa mwenyewe. Mwenzako akiwa chooni, siwezi kukupa wake. Tumeelewana?"

"Tumeelewana," watu waliitika.

"Mu," Hedley alisema, "nataka kwenda chooni."

Muriel alipima kwa macho umbali wa ile mikanda, akapima na umbali wa choo. "Haya, upesi. Gwenda, tunarudi sasa hivi."

Vyoo vilikuwa kwenye banda refu. Alimfikisha mlango wa wanaume, akasimama. Wanaume waliingia, wanaume wakatoka, wengine na miswaki mdomoni. Hedley hakutoka. Muriel alimsimamisha mmoja mwenye taulo shingoni.

"Samahani. Kuna mzee humo ndani, amevaa sweta ya kijivu?"

"Hayumo, mama. Labda ametokea mlango wa pili."

Hakuwa amewahi kuuona mlango wa pili. Alizunguka banda. Mlango ulikuwepo, wazi, na nje yake kulikuwa na nyasi na watu wengi na sweta nyingi za kijivu. Aliita. Akaenda mpaka kwenye ua wa barabarani, akarudi. Kule mbele aliona watu wakinyoosha mikono, na Bi Okell akiinama na kuinuka.

Ndipo Muriel akajilazimisha kusimama na kufikiri. Hedley alikuwa karani wa posta maisha yake yote. Mtu kama huyo akitoka mlangoni asikumbuke alikotoka, akaona foleni mbele yake, atafanya nini? Hawezi kuingia katikati yake. Atauliza mwisho uko wapi.

Aliipa mgongo mikanda, akafuata foleni kuelekea mkiani. Ilipinda, ikanyooka, ikapinda tena. Mwisho kabisa, pale msimamizi mmoja aliposhikilia bendera ndefu ili wanaofika wajue pa kuanzia, alimkuta Hedley amesimama wima, mikono nyuma, na kadi mpya imechungulia mfukoni mwa shati.

"Hedley! Umenitoa roho. Twende, wanagawa mikanda."

Aligeuka. Macho yake yalikuwa na adabu tupu. Muriel alijua kabla hajafungua mdomo.

"Samahani, bibi. Unaniita mimi?"

"Mahali petu pako kule mbele. Kadi yako hii hapa."

Hedley aliitazama ile kadi, kisha akainama kidogo na kushusha sauti asimwaibishe. "Bibi, hiyo si yangu. Mimi ndiyo kwanza nafika. Na nikushauri tu, usizungushe kadi hivyo mbele za watu. Watadhani unauza."

"Hedley, mimi ni mkeo."

Nyumbani alikuwa ameacha kusema hivyo, kwa kuwa haikusaidia kitu. Sasa lilimtoka, na kwa sauti kubwa. Watu waliokuwa karibu walianza kutazama viatu vyao, ndivyo watu wa huku wanavyofanya jambo la mtu linapomwagika hadharani.

Gwenda alitokea akikimbia pekupeku, viatu mkononi, na nyuma yake Bi Okell akitembea hatua ndefu.

"Nimemweleza kila kitu!" Gwenda alisema akihema. "Mikanda yenu anayo, amewawekea!"

Bi Okell alisimama mbele ya Hedley. "Mzee, mimi ni msimamizi hapa. Wewe ulikuwa kule mbele tangu jana. Nimekuja kukurudisha mahali pako."

"Kunipitisha mbele ya watu wote hawa?"

"Hawana neno."

"Nenda tu, mzee!" mtu mmoja alipaza sauti.

"Tumekuruhusu!" mwingine akadakia. "Ningekuwa mimi ningeshafika nusu ya njia!"

Watu walicheka, cheko la upole. Hedley alibadilika rangi mpaka masikioni.

"Mmeniruhusu kwa sababu ni watu wema," alisema. "Ndiyo maana siwezi. Nimekaa dirishani posta miaka yote. Kila siku anakuja mtu na sababu yake, anataka apitishwe. Na sababu zote zilikuwa nzuri. Zote."

"Mburute, mama," Gwenda alinong'ona. "Akishakaa atafurahi, atasahau."

Muriel alimshika Hedley kiwiko, akavuta. Siku hizi yeye ndiye aliyekuwa na nguvu kumshinda Hedley. Hatua moja walienda. Kisha sauti ya Hedley ikatoka nyembamba: "Tafadhali, bibi. Niachie mkono wangu. Sijafanya kosa lolote."

Alimwachia.

Angeweza kumfikisha. Wangekuwa watatu wa kumsukuma, na msimamizi akiwa mmojawapo. Lakini kwenye kile kiti angekaa mtu aliyeogopa, akitazama mlangoni nani atamwokoa na huyu mwanamke.

Bi Okell alimvuta Muriel pembeni. "Mama, mkanda wako wewe upo. Watu wa huduma ya kwanza nawaita, wanakaa naye mpaka jioni, hawamwachi. Wewe ingia."

Muriel aligeuka kutazama kule mbele. Naye aliupenda mchezo; hakuulalia udongo na mgongo ule kwa ajili ya Hedley peke yake. Aliufikiria Uwanja wa Kati ulivyo unapoingia ngazini na ule ujani unakupiga usoni. Akafikiria kiti kitupu kando yake.

"Nipatie kadi ya huku mwisho," alisema.

"Ukichukua hii, ile ya mbele haifanyi kazi tena. Na huku kwa leo..."

"Naijua sheria, mama. Nipe."

Gwenda alianza kulia, rangi ya macho ikamtiririka. Muriel akampa leso na kumwambia arudi mbele kabla hajapoteza nafasi yake mwenyewe, na avae viatu kabla hajakanyaga kitu. Kisha alichukua kadi mpya, akaenda kusimama kando ya Hedley.

"Nyuma yangu, tafadhali," Hedley alisema kwa upole.

Akasimama nyuma yake.

Jua lilipanda. Foleni ilisogea kidogo, ikasimama muda mrefu. Baada ya kitambo Hedley aligeuka, haya imemwisha, na alionekana anatafuta maongezi.

"Ni mara yako ya kwanza?"

"Ndiyo," Muriel alisema.

"Basi nikwambie. Wageni wote wanakimbilia uwanja mkubwa. Usidharau viwanja vidogo vya nje. Pale unakaa karibu na mchezaji mpaka unamsikia anahema. Stroberi kula mapema, mchana foleni yake inaishinda hii. Na usipige makofi mtu akikosea. Hata kama unampenda yule mwenzake. Ngoja mtu apige vizuri, ndipo upige makofi."

"Nitakumbuka."

"Mke wangu angekueleza vizuri zaidi. Amefuata chai." Alinyoosha shingo kuangalia nyuma ya Muriel. "Nafasi sikumshikia, hairuhusiwi. Akija atalazimika kuanzia mwisho kabisa. Atanuna, mwone tu!"

"Hatanuna."

"Humjui," Hedley alisema, akatabasamu.

Saa za mchana msimamizi alipita akiwaambia wa mkiani kwamba ndani pamejaa. Wangoje mpaka watu waanze kutoka jioni, na hata hapo hana ahadi. Wengi walikusanya vitu vyao. Kutoka mbali, juu ya miti, ulisikika mshindo wa watu wakishangilia. Hedley aliinua kichwa, akasikiliza mpaka ulipokwisha. Midomo yake ilikuwa mikavu. Muriel alimpa maji, naye akayapokea kwa shukrani nyingi mno.

"Leo haikuwa riziki," alisema. "Wewe usikate tamaa, bibi. Uje kesho mapema zaidi."

"Kesho nina shughuli."

"Ah. Pole." Alimaanisha kweli. "Basi mwakani."

Muriel alifunga mfuko, akautia begani; hema na kiti alishamwachia Gwenda. Alitafuta namna ya kumtoa pale, akaona hakuna isipokuwa kumwomba. "Naelekea stesheni ya treni ya Southfields. Njia siijui vizuri. Unaweza kunifikisha?"

"Kwa furaha." Hedley alijiweka upande wa barabara, kama kawaida yake, ili magari yampitie yeye. Lakini kwenye lango la bustani walimopigia foleni alisimama, akageuka, na uso ukamwingia wasiwasi. "Mke wangu atanitafuta. Hukumwona? Mwanamke mfupi, mwendo wake wa haraka haraka?"

Watu waliwapita kushoto na kulia. Muriel aliutengeneza mkanda wa mfuko begani, ingawa ulikuwa umekaa sawa.

"Nimemwona," alisema. "Ametangulia nyumbani."

"Ametangulia! Ndiye huyo, hawezi kungoja." Hedley alicheka, akafurahi mpaka akanyooka mgongo, akashika njia kwa hatua kubwa ili amwahi huko mbele, na Muriel, mgongo ukimuuma, ikambidi aongeze mwendo asiachwe.