Ukosi wa Mkurugenzi

"Huu ukosi una mwenyewe, au umeokotwa?" Stashahada aliuliza, akiuinua kwa ncha za vidole viwili.

Dereva aliyeleta nguo alicheka. Alikuwa ameegemea mlango wa duka la dobi, anatafuna karanga. "Mwenyewe ni mkubwa wa watu. Usimseme sana, kesho utakuwa chini yake."

Ndani ya ukosi palikuwa na utando wa mafuta ya shingo, manjano yanayoelekea kahawia, na nywele fupi tatu nne zimenasa humo kama wadudu kwenye ulimbo. Kila wiki mashati ya Mkurugenzi yalikuja hivyo. Mbele yaling'aa, nyuma ya shingo yalinuka. Stashahada alilitupa lile jeupe kwenye beseni, akafuta vidole kwenye aproni.

"Majibu ya usaili wangu je?"

"Mimi nabeba watu na mashati. Majibu hayapandi gari langu." Dereva akatema ganda. "Ila leo mchana yuko kwenye runinga. Na hilo jeupe nalifuata jioni, kesho anaonana na waziri."

Jina la Stashahada alipewa na kinyozi wa mlango wa pili, siku aliporudi kutoka chuoni na cheti cha takwimu, akakitundika ukutani, kisha akashika pasi. Lilikuwa jina la utani, likamganda. Shangazi yake, mwenye duka, ndiye aliyemlipia ada kwa bega lake la kulia, bega ambalo sasa halikuweza kuinua hata kikombe. Siku hizi alipiga pasi kwa mkono wa kushoto, polepole, na kila baada ya nguo mbili alisimama akijifanya anatafuta kitu.

Kwa hiyo dereva aliposema kwamba kule kazini kwake, kwenye taasisi ya Mkurugenzi, wanatafuta mchambuzi wa utafiti, mtu wa kupima jinsi umeme unavyonunuliwa na kuuzwa ili serikali ishauriwe kuhusu bei, Stashahada aliomba siku ileile.

Waliomwita kwenye usaili walikuwa watatu, na mbele yao sahani ya biskuti. Mkurugenzi alichovya biskuti kwenye chai, ikakatikia humo. Akaizamia kwa kidole, akaiopoa, akakilamba kidole hadi kwenye kiungo, kisha kwa kidole kilekile akafunua vyeti vya mwombaji. Stashahada alitazama alama ya unyevu ikibaki juu ya jina lake. Akatabasamu. Shida humfundisha mtu kutabasamu na matapishi yakiwa kooni.

"Tukupe jaribio dogo," Mkurugenzi alisema. "Wafanyabiashara wadogo wanatumia umeme saa ngapi, na kwa nini? Nenda kachunguze, utuletee."

Hakwenda mbali. Mita ya mtu ni kama mkoba wa mwanamke, haifunguliwi kila mpita njia. Lakini yeye alikuwa mtoto wa mtaa. Kinyozi alimsogezea kiti achungulie. Fundi wa kuchomelea vyuma alizima mashine yake na kuiwasha tena, mara kwa mara, ili aone namba zinavyokimbia. "Ukipata kazi utatukumbuka," fundi alisema, naye akajibu, "Nitaanzaje kuwasahau?"

Akaandika kwa uchungu na kwa raha, kama anayeandikia ndugu. Aliandika kwamba jioni ndipo watu wanapotoka makazini, ndipo vichwa vinapoletwa kwa kinyozi na nguo kwa dobi. Aliandika kwamba wakipandishiwa bei ya jioni watakuwa wameadhibiwa kwa saa za wateja wao. Bei ishushwe asubuhi, akamalizia, ili kile kinachoweza kusogezwa kisogee chenyewe.

Akaipeleka ripoti kwenye taasisi, na hadi leo hakujibiwa.

Mchana ule dereva alipoondoka, alikuwa akiusugua ukosi kwa mswaki mkuukuu wakati kinyozi alipopiga kelele: "Stashahada! Njoo umwone bwana wako wa kesho!"

Alikwenda na mswaki mkononi. Ndani, mteja alikuwa kitini, nusu ya kichwa imenyolewa, nusu bado. Juu ya kioo runinga ilikuwa imejaa uso wa Mkurugenzi. Alivaa shati la bluu. Kifungo cha pili kilishonwa kwa uzi mweupe. Stashahada alikikumbuka, kwa sababu uzi wa bluu ulikuwa umemwishia.

"Dobi," Mkurugenzi alikuwa anasema, "hawezi kupiga pasi nguo ambayo mteja hajaileta."

Moyo wa Stashahada uliruka. Sentensi yake ya kwenye ripoti! Nzima, haikupungua hata neno. Kabla hajajua afanye nini na furaha ile, ikaja nyingine, ya kinyozi na vichwa vya jioni. Ikaja ya fundi. Zilitoka mfululizo katika kinywa kile, zimelowa mate yake.

"Maana yake nini?" Mkurugenzi akamwuliza mtangazaji, akitabasamu. "Maana yake hawana pa kukimbilia. Ukipandisha bei ya jioni, watalipa tu. Ndiyo tunayoipendekeza serikalini."

Kinyozi alisimama na mashine ikinguruma hewani. "Huyu kajuaje habari zangu? Kama vile alikaa humu!"

"Wewe malizia kichwa changu," mteja akasema, "kabla bei haijapanda."

Hakuna aliyecheka sana. Stashahada aliuweka mswaki chini ya kioo.

"Ni mimi," alisema.

"Wewe nini?"

"Mimi ndiye niliyemwambia. Zile mita. Lile jaribio."

Kinyozi alizima mashine. Alimtazama, si kwa hasira, bali kama mtu anayekitazama kiti alichokisogeza mwenyewe. "Si ulisema ni mtihani?"

"Nilidhani ni mtihani."

"Basi umefaulu."

Simu ya Stashahada ililia alipokuwa bado kwenye kizingiti. Ni katibu wa taasisi, sauti ya asali: "Hongera dada, umepata! Mkurugenzi anasema una kalamu. Uje kesho asubuhi usaini mkataba."

"Yale maneno ya kwenye runinga ni yangu."

Katibu alishusha sauti. "Wote tuliomo humu tuliingilia mlango huohuo. Utazoea."

"Lakini mwisho ule sikuuandika."

"Mwisho huwa anaandika mwenyewe," katibu alisema, kwa upole kabisa, kama anayemwelekeza mgeni chooni.

Shangazi alikuwa amesikia. Duka lilikuwa dogo, siri haikuwa na mahali pa kukaa. Aliweka pasi wima kwa mkono wake wa kushoto.

"Umepata?"

"Nimepata."

"Na sura hiyo ya msibani?"

Stashahada alimweleza. Shangazi alisikiliza huku akilikanda bega.

"Chukua, mwanangu," alisema mwishowe. "Sisemi hawanuki. Ukiwa ndani utatuandikia mazuri."

"Niliandika mazuri, shangazi. Hayohayo ndiyo waliyotumia."

"Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

"Nimeinama. Nimeinama mpaka nimeona kilichomo mvunguni."

Shangazi alijaribu kuinua pasi kwa mkono wa kulia, kwa mazoea. Mkono ukafika nusu ukatetemeka, akauteremsha na kuanza kutafuta kitu chini ya meza. Alitafuta kwa muda. Stashahada aligeuza uso, kwa maana hilo lilimchoma kuliko mengine yote.

Jioni ilishuka na wateja wake. Kwa kinyozi mashine ilinguruma. Kwa fundi mwanga wa bluu ulirukaruka ukutani. Hakuna aliyepita kumsalimu. Shati jeupe lilikuwa limekauka kwenye kamba, gumu, limekunjamana kama karatasi iliyotupwa. Utando ulikuwa umepungua, lakini ukilielekeza kwenye taa uliuona bado pale shingoni.

Alilitandaza juu ya meza. Akanyunyiza maji. Pasi ilikuwa ya moto. Aliishika juu ya ukosi, mvuke ukapanda, na ndani ya mvuke ikaja ile harufu, ya shingo, ya chai, ya kidole kilicholambwa. Mkono ulikataa kushuka.

Akachomoa waya ukutani.

Dereva alipofika alikuta shati limetundikwa mlangoni, makunyanzi kuanzia ukosi hadi pindo. Aliligeuza huku na huku. "Hili bado."

"Ndiyo hilo."

"Dada, kesho ni waziri! Nitamwambia nini?"

"Mwambie umeme wa jioni ni ghali."

Dereva alifungua mdomo, akamtazama shangazi. Shangazi alikuwa ameinamisha kichwa juu ya suruali ya mtu, akipanga mstari wake kwa kidole, midomo imebanwa. Haikujulikana anazuia kilio au kicheko. Dereva akalichukua shati kwa ncha za vidole, akaenda.

Pasi iliachwa wima mezani, ikipoa, ikitoa mlio mdogo kila chuma kilipojirudi. Kando yake, juu ya rundo la nguo za majirani, simu iliwaka kwa jina la taasisi. Mwanga wake ulitetemeka kwenye shuka za watu. Stashahada alinyoosha mkono, akaupitisha juu ya simu, akachukua nguo iliyofuata.