Mkono Juu ya Mkono

"Ndoa haifanyiwi besidei," alisema Mejumaa, ingawa sanduku lilikuwa limeshafungwa na nazi za Marikiti zimeshapangwa kikapuni pamoja na halua na chupa ya achari.

Kenga, mumewe, alikuwa ameketi kitandani akikizungushia gazeti kisu chake cha kuchinjia. Alikizungushia kwa mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa ameukalia.

"Hicho cha nini?" Mejumaa aliuliza, na jawabu alikuwa nalo.

"Barnabas amemfuga kondoo mwaka mzima kwa ajili ya siku hiyo. Wataka nimwambie nini?"

"Mwambie kweli."

"Mama Tumu."

"Haya, nimenyamaza."

"Sitaki kunyamaza kwako kwa leo tu. Niapie hutamwambia Barnabas."

Mejumaa akamwapia, kwa sababu basi lilikuwa linaondoka Mwembe Tayari asubuhi ile na mtu hawezi kugombana na kubeba nazi kwa wakati mmoja.

Barnabas alikuwa gadi wa reli. Yeye na mkewe Truphosa waliishi Kibokoni, Mombasa, miaka mingi, chumba chao kikitazamana na cha Kenga na Mejumaa, ua ukiwa katikati. Ndoa zao mbili zilifungwa wiki moja, mwaka wa sitini na sita, moja msikitini na nyingine kanisani, na Truphosa, ambaye hupenda kila jambo lenye keki, aliamua kwamba kila mwaka wiki hiyo italiwa pamoja. Utaratibu ulijipanga wenyewe. Barnabas alileta mnyama, Kenga alichinja, ua mzima ukala sufuria moja, na hapana aliyeuliza dini.

Na Kenga alijua kuchinja. Alikuwa mwendesha kreni bandarini, kazi iliyompa mkono usio na papara. Aliitwa kutoka Kibokoni mpaka Makadara: arusi, hitima, akika ya mtoto, mwiteni Kenga. Mnyama hakupata hata muda wa kushtuka.

Mpaka Idi iliyopita. Mkono, ambao ulikuwa umeanza kutetema kidogo kwenye kikombe, ulitetema kwenye kisu. Kisu kikaenda, kikainuka, kikarudi, mbuzi akalia kilio ambacho Mejumaa bado alikisikia akiwa jikoni peke yake. Mzee Jamaldin, aliyekuwa ameshika miguu, alisema kwa sauti ya chini kwamba nyama ya kisu kilichoinuka katikati yeye hataila. Hakuna aliyekula. Tangu siku hiyo Kenga alikuwa akiitwa na kusema bega linamuuma. Bega halikuwa na neno.

Sasa ilikuwa miaka thelathini ya ndoa. Barnabas alikuwa amestaafu na kurudi kwao juu ya Kimilili, chini ya Mlima Elgon, na Truphosa alikuwa amepiga simu ofisini kwa Tumu, binti yake Mejumaa, akitoa amri. Njooni huku. Miaka thelathini haisherehekewi kwa salamu.

Pale stendi mchuuzi mmoja alimwonyesha Mejumaa sweta nzito ya rangi ya bizari.

"Chukua, mama. Huko mwendako hata ng'ombe huvaa."

"Basi kamuuzie ng'ombe," Mejumaa alisema. Kisha akainunua.

Walipofika, kesho yake mchana, alishukuru. Mlima ulikuwa umekaa mbele yao wote mzima, umejifunika mawingu mabegani, na upepo ulioshuka kutoka huko ulipita ndani ya buibui kana kwamba hakuvaa kitu. Barnabas alikuwa akiwangoja njiani na mabuti ya mpira mpaka magotini.

"Kenga! Tumbo umekuja nalo lile lile?"

"Lile lile. Nawe nywele umeziacha wapi, kwenye behewa?"

Wakashikana, wakacheka, wakasukumana kama vijana. Truphosa alimkumbatia Mejumaa akamnusa shingoni. "Udi! Ee Mungu, shoga, hebu simama hapo nikunuse vizuri."

Chai ililetwa imejaa mpaka ukingoni, ya maziwa, inafuka moshi. Kenga hakuigusa. Kunywa kwa mkono wa kushoto hakuweza, si mbele ya watu waliokaa naye Kibokoni na kujua kwamba Kenga hanywi kwa kushoto. Alisema ni ya moto. Aliingoja mpaka Barnabas alipotoka kuwaonyesha kondoo, akainama akainywa upesi, na Mejumaa akapangusa meza kwa ncha ya leso.

Kondoo alikuwa dume zito, jeupe, limefungwa karibu na migomba.

"Kijiji kizima nimeshakiambia," alisema Barnabas. "Nikawaambia, nyinyi hamjawahi kuona mtu akichinja. Kesho mtamwona rafiki yangu wa Mombasa."

Kenga alitabasamu. Mejumaa aliona mkono ukiingia mfukoni.

Asubuhi, kabla wageni hawajaja, alifungua sanduku kuchukua chupa ya mafuta ya nazi. Kila siku alikuwa akimkanda Kenga mkono kwa mafuta hayo, na mkono ukatulia angalau kwa muda wa kufunga vifungo vya shati. Akaipindua chupa. Hakikutoka kitu. Akaitikisa. Ndani kulikuwa kweupe na kugumu kama mshumaa.

Mombasa, hata kipupwe kikaze namna gani, mafuta ya nazi hufanya ukungu kidogo na basi. Hakuwahi kuyaona yakiwa jiwe.

"Ameniuzia mafuta ya mgando yule mwanamke," alinong'ona. "Wallahi nikirudi Marikiti atanitambua."

Lakini leo ndiyo siku ambayo mafuta hayangeweza kukosekana. Akaificha chupa ndani ya leso akaenda jikoni, kwenye moto, akitumaini hakuna mtu. Truphosa alikuwepo, anaitoa keki kwenye sufuria.

"Umeficha nini?"

"Mafuta ya nywele."

"Lete." Truphosa aliitazama chupa akaangua kicheko. "Shoga, hayana ubaya, yamekutana na baridi tu. Mimi mwaka wangu wa kwanza huku niliwalaani wauzaji wote wa Marikiti, maskini ya Mungu, na kosa si lao."

Akaitia chupa kwenye maji ya moto. Mafuta yakaanza kulegea pembeni, na harufu ikapanda, ya nazi na ya mbegu za habasoda. Truphosa akaacha kucheka.

"Haya si ya nywele. Ndiyo uliyonikandia mkono nilipoanguka kisimani Kibokoni." Akamgeukia. "Nani anakandwa?"

Mejumaa akatazama moto.

"Mejumaa."

"Niliapa nisimwambie Barnabas."

"Mimi ni Barnabas?"

Hapo Mejumaa akaketi juu ya kigoda akamweleza yote: kikombe, Idi, mbuzi, Mzee Jamaldin, bega lisilouma. Alieleza kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesimulia habari za jirani. Mwisho tu ndipo alipojifuta uso kwa leso, akasema ni moshi.

"Tutanunua nyama mjini," alisema Truphosa. "Mwenye bucha ni Mwislamu."

"Ukileta nyama ya bucha atajua nimesema. Na kijiji kimeshaambiwa."

"Akijaribu mkono ukamwangusha je?"

"Mbele ya Barnabas? Truphosa, hatashika kisu tena, na huku hatakuja tena. Namjua. Atarudi Mombasa akae kitandani aukalie mkono wake mpaka afe."

Truphosa, asiyejua kukaa bila kushika kitu, alirudi kwenye keki yake akaanza kuipaka sukari.

"Na mimi nilikuwa nawaonea furaha kwa hii," alisema. "Leo mngeikata nyinyi. Sisi tulikata yetu kanisani. Nyinyi hamkukata."

"Hukatwaje?"

"Wawili. Kisu kimoja, mume anashika, mke anaweka mkono juu ya mkono wake, wanashuka pamoja."

Mejumaa aliitazama ile keki kwa muda mrefu, hata Truphosa akauliza kama imeungua.

Alirudi chumbani na mafuta ya vuguvugu, akamkanda mumewe mkono.

Wageni walijaa uani. Kondoo alilazwa ubavu wa kushoto, akaelekezwa kibla, kidogo kulia mwa kilele cha mlima. Kenga alikuwa ameitafuta mwenyewe tangu alfajiri. Alipiga magoti, akakishika kisu. Akaomba kondoo anyweshwe maji. Akanyweshwa. Akaomba jiwe la kunolea, ingawa kisu kilikuwa kinaweza kunyoa ndevu.

"Bwana," alisema Barnabas, "kondoo huyu atakufa kwa uzee."

Watu wakacheka. Kenga akacheka pia. Lakini jua lilikuwa limetoka, na kisu kilikuwa kikimetameta, kikimetameta mfululizo, kwa sababu hakikutulia. Barnabas alikuwa ameshika miguu ya mnyama. Alikiona. Kicheko kikamkauka.

"Ngojeni," alisema Mejumaa.

Alikuwa anakuja kutoka jikoni, leso ameifunga kiunoni kwa fundo la kazi, anakunja mkono wa sweta yake ya bizari.

"Leo ni siku ya mume na mke. Truphosa anasema kisu hushikwa na wawili."

"Hiyo ni keki, mama," alisema jirani mmoja.

"Keki ilitiwa motoni leo asubuhi. Mimi nimetiwa miaka thelathini."

Uani kukavuma vicheko. Mzee mwenye kofia ya manyoya hakucheka. "Kwani kwenu mwanamke huchinja?"

Macho yote yakamwendea Kenga. Swali hilo alikuwa ameulizwa Mombasa mara nyingi, na jawabu lake lilikuwa moja siku zote: ni halali, lakini mwanamume yupo. Kisha hunyoosha mkono akapokea kisu. Sasa jawabu lile lilikuwa mdomoni mwake, limekamilika, linangoja kutoka. Alimtazama mkewe. Mejumaa hakuwa akiutazama mkono. Alikuwa ameshachuchumaa kando yake, anajiweka sawa, kama mtu anayetaka kupara samaki.

"Ni halali," Kenga alisema, na nusu iliyobaki akaimeza.

Mejumaa akaweka mkono wake juu ya wa mumewe. Ulikuwa unatetema kwa nguvu kuliko alivyodhani. Hakuubana, alijua ukibanwa huzidi. Aliupa uzito tu, kidogo kidogo, kama anavyofanya kila asubuhi, mpaka akausikia unakubali.

"Bismillahi," alisema Kenga.

"Bismillahi," alisema Mejumaa.

"Allahu Akbar," wakasema, na kisu kikapita mara moja.

Kondoo hakulia. Damu ilikwenda kwenye shimo lililochimbwa. Kisha Barnabas akaiachia miguu, akasimama, akajipangusa mikono kwenye suruali.

"Miaka yote ile Kibokoni mlikuwa mnatuficha," alisema. "Kumbe fundi ni huyu mama."

Kenga alicheka, na safari hii kicheko kilitoka tumboni. Alipokuwa anaosha kisu alimwinamia mkewe.

"Uliapa."

"Nisimwambie Barnabas. Sijamwambia neno."

"Na huyo Truphosa wako wa kisu cha wawili amejuaje?"

"Mafuta yameganda," alisema Mejumaa, akaenda kuangalia mchele wa pilau.

Jioni, wageni walipokwisha kwenda, wale wanne walikaa karibu na moto. Keki ilikuwa imekatwa na Barnabas na Truphosa, kwa sababu Mejumaa alisema yeye zamu yake imepita. Truphosa akamimina chai. Vikombe vitatu vilijaa mpaka ukingoni. Cha Kenga kilikuwa nusu.

Kenga alikitazama. Mgeni hapewi nusu kikombe, si Mombasa, si mlimani.

"Truphosa," alisema Kenga, "tumeshafukuzwa?"

"Utaongezwa," alisema Barnabas. Birika sasa alikuwa amelishika yeye.

Kenga aliutoa mkono wa kulia chini ya blanketi, mbele yao wote, akakichukua kikombe. Kiligonga meno yake, kikagonga tena. Nusu ile haikumwagika. Alikunywa taratibu mpaka mwisho, akakinyoosha, mkono ukiwa bado unatetema, na Barnabas, akiendelea na habari zake za reli, akamtilia nusu nyingine.