Hakuna cha Kukaa Bure kwa Mzee Ratsimba

Jua lilikuwa limeshavuka paa la kanisa, na ufunguo wa kaburi la ukoo ulikuwa bado haujaonekana. Vololona alisimama katikati ya chumba cha chini cha nyumba ya baba yake, mikono imejaa vumbi la matofali mekundu, akageuka huku, akageuka kule, hajui ashike lipi. Kila sanduku lilikuwa limefunguliwa, na godoro limepinduliwa. Nje, baba yake, Mzee Ratsimba, alikuwa amelala ndani ya jeneza chini ya turubai, amefungwa sanda ya hariri, na kati ya watu wote waliokuwa pale ni yeye peke yake aliyekuwa ametulia.

Mtazama siku, mjuzi wa saa njema na mbaya, alikuwa amekwisha kusema: marehemu aingie kaburini jua likianza kuinama kwenye kilima cha magharibi, si kabla na si baada. Maiti aliyekwisha kutolewa mlangoni harudishwi ndani. Baba mdogo Ralaivao, mdogo wake marehemu, hakutaka kubishana na jua. Alikuja na nyundo kubwa na tindo, akaviegemeza ukutani mahali ambapo kila mwombolezaji angeviona, kisha akakaa karibu navyo kama mtu anayelinda mzigo wake stendi.

Lakini kuvunja mlango wa kaburi ni kazi ya wezi wa mifupa. Watu wa vilima vile nyuma ya mji wa Betafo hawajasahau mwaka ule wezi walipovunja kaburi la jirani wakaondoka na wazee wa watu ndani ya magunia. Ni baada ya hapo Ratsimba alipomwita mhunzi akaweka mlango wa chuma na kufuli lake. Mhunzi alitaka kutengeneza funguo mbili, Ratsimba akakataa. Kufuli ni moja, alisema, huo ufunguo wa pili utakuwa unafanya kazi gani? Na mlango ukishavunjwa, atakayepitishwa hapo atasemwa, na watoto wake watasemwa, na huyo anayewasema atakuwa anakula wali wao huku anasema.

Hilo lingeweza kuvumilika. Lililomkosesha Vololona utulivu ni jingine. Katika siku zake za mwisho mzee alimshika mkono akamwambia, "Niingizwe kwa mlango, kama mwenye nyumba. Nisiingizwe kama mwizi." Akamwahidi. Alipomwuliza ufunguo uko wapi, mzee alijibu kwamba upo, kisha akaanza kulalamika kwamba taa inawaka bure mchana. Vololona akainuka akazima taa. Aliporudi kitandani, mzee alikuwa amesinzia, na mazungumzo yakaishia hapo.

Wote walikuwa na hakika kwamba ufunguo uko kwenye pembe ya kaskazini mashariki, pembe ya wazee. Kitu cha wazee kitawekwa wapi tena? Hata mtoto mdogo hapo kijijini angekwenda moja kwa moja kwenye pembe ile. Asubuhi, baba mdogo alikiteremsha kwa mikono miwili kisanduku kilichokuwa pale, akawaomba wazee radhi, akakifungua mbele ya ukoo mzima. Ndani mlikuwa na vipande vya sabuni. Vipande vyembamba kama kucha, vya kufulia na vya kuogea, vya miaka yote, vingine vimeshafinyangwa pamoja kuwa donge la rangi rangi. Tiana, mdogo wake Vololona, alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu machozi yakaendelea kutoka baada ya kicheko kuisha.

Ndivyo alivyokuwa baba yao. Njiti moja ya kiberiti aliipasua kwa wembe ikawa mbili. Machicha ya kahawa aliyaanika dirishani, na mgeni asiyejua alinywa kahawa ya juzi akashukuru. Mawe ya redio yalipochoka aliyatoa akayaotesha jua kama wazee wenzake, na redio yenyewe ilifunguliwa taarifa ya habari inapoanza na kufungwa kabla msomaji hajamaliza kuaga. Kuhusu umeme ndiyo usiseme. Nyumba ina vyumba vinne na ilikuwa na taa moja. Mzee alipohama chumba aliichomoa balbu kwa kitambaa, akahama nayo, na watoto walikaa gizani wakisikiliza hatua zake ngazini. "Taa inakuja," alikuwa anasema kabla hajafika, na Vololona mdogo aliamini kwamba baba za watu wote huingia chumbani hivyo, gizani kwanza, halafu mwanga.

Sasa Vololona alikuwa anapekua chumba cha tatu. Alijikuta amefungua mkebe uleule mara ya pili, akaukasirikia mkebe. Akatoka uani kutazama jua, akarudi ndani, akatoka tena. Tiana alimfuata akitania kwamba labda mzee ameondoka na ufunguo mfukoni ili asilipie nauli mara mbili. Siku nyingine Vololona angecheka. Leo alimwambia anyamaze au ashike jembe akachimbe chini ya mipapai. Tiana alichukua jembe kweli akaenda, na hilo lilimuumiza Vololona kuliko kama angebisha.

Baba mdogo alimwita. Hakusimama, alipiga tu kiti cha kando yake kwa kiganja, lakini Vololona hakukaa.

"Mwanangu, mimi kaka yangu nampenda," alisema. "Lakini tuseme ukweli. Ubahili wake ndio uliotufikisha hapa. Mtu mzima, ufunguo mmoja."

"Baba hakuwa bahili, baba mdogo. Bahili hali na watu."

"Alikula na watu ukoko."

"Na wewe ulikuja kuula kila Jumapili."

Wanawake waliokuwa karibu waliinama wakajifanya wanatandaza mikeka. Ralaivao akakitazama kilima, akasema kwa upole uliouma kuliko ukali kwamba watu watabeba jeneza wali ukishaliwa. Watakapofika kaburini bila ufunguo, yeye atafanya linalopaswa kufanywa, na lawama ataibeba yeye.

Kutoka dirisha la ghorofani, Mama Bakoly, jirani aliyesimamia mapishi, alimpigia Vololona kelele apande. Nyumba za huko jiko liko juu, chini ya paa, na moshi ulikuwa unatoka mlangoni kwa fujo. Vololona alipanda ngazi mbili mbili. Akakuta jirani zake wema wamewasha moto wa kuchoma ng'ombe mzima. Kuni za miezi mitatu za mzee ziliwaka kwa pamoja chini ya sufuria moja, ndimi za moto zikilamba mpaka ubavuni. Mama Bakoly alieleza kwamba watu ni wengi na saa haingoji. Vololona akapiga magoti akaanza kuvuta kuni nje, moja moja, akizizima kwenye majivu, kwa hasira ambayo haikumhusu Mama Bakoly hata kidogo.

Sufuria yenyewe ilikuwa ileile kubwa ya alumini, aliyokuwa akipikia mama yake. Tiana aliwahi kumletea mzee nyingine mpya kutoka mjini, inang'aa, na mfuniko wa kioo. Mzee alishukuru sana. Mwezi uliofuata walimkuta kuku ameatamia ndani yake, na mfuniko wa kioo umewekwa kwenye tundu la paa kuingiza mwanga. Ile ya zamani akaendelea nayo, pamoja na mfuniko wake uliobonyea, wenye kishikio alichokitengeneza mwenyewe kwa kuviringisha vipande vya mpira wa baiskeli na waya. Vololona alimbembeleza mara ngapi amnunulie japo mfuniko. Mzee alikuwa anasema huu bado una kazi. Na wali ulipoiva alikuwa na tabia moja iliyowaudhi wenye njaa: aliweka mkono juu ya kile kishikio akakaa hivyo, kimya, hafunui. Ukimhimiza anakwambia mvuke haumwagwi, uacheni umalize kazi yake. Kisha wali unapakuliwa, maji yanatiwa juu ya ukoko, yanachemshwa, na kila mtu anapata kikombe cha maji ya ukoko kabla ya kusimama, awe mtoto, awe mchungaji wa kanisa.

Vololona alikaa sakafuni kati ya vijinga vinavyofuka, akapumzika kwa mara ya kwanza tangu alfajiri. Akatazama jiko. Mlango ulizuiwa usijifunge na pasi ya mkaa iliyokufa. Bamba lililowekwa chini ya mafiga lilikuwa jembe la plau. Kamba ya kuanikia nyama ilikuwa waya wa breki. Chujio la kahawa lilikuwa soksi ya mama yake ya kwendea kanisani. Hata picha ya harusi ya Tiana ilikuwa imezibia ufa.

Hapo ndipo alipoinuka. Tangu asubuhi walikuwa wanautafuta ufunguo mahali ambapo vitu hupumzika: kwenye visanduku, kwenye pembe, chini ya godoro. Na katika nyumba hii ni kitu gani kilichowahi kupumzika? Alimkumbuka mzee akiokota msumari njiani, akiunyoosha kwa jiwe. "Hapa hata mimi sikai bure," alikuwa anasema, "sembuse chuma."

Mama Bakoly alikuwa ameshika kishikio kwa pindo la kanga yake ili aufunue wali.

"Usifunue," alisema Vololona. "Nipe mimi."

"Una moto huo, utaungua."

Aliungua. Moto ule mkubwa ulikuwa umeshalainisha mpira, ukawa unanata vidoleni. Alikaa nao dirishani, akafungua waya, akabandua vipande kimoja baada ya kingine, vya juu vimekauka, vya ndani bado vyeusi na laini, na chini ya kile cha mwisho kulikuwa na chuma. Pete nene ya mhunzi upande mmoja, meno upande mwingine, yamepitishwa kwenye matundu ya mfuniko na kukazwa. Ufunguo ulikuwa unanuka wali.

Alikumbuka jambo ambalo hakuwahi kuliwaza. Mfuniko ule uling'oka kishikio chake cha mbao siku za matanga ya mama, kwa shuruba za wapishi kama hizi za leo. Miaka minne iliyopita. Baba yao alirudi kaburini siku ile na ufunguo mfukoni, wageni walipoondoka akapanda juu peke yake, na walipomfuata walimkuta amekaa anaviringisha mpira. Walinong'onezana ngazini, yeye na Tiana, kwamba hata leo mzee hawezi kuacha kutengeneza vitu. Tiana alicheka na yeye alicheka.

Tangu siku hiyo, isipokuwa Jumapili, alikuwa anakula peke yake. Na kila siku, kabla ya kula, aliweka mkono wake juu ya ufunguo wa kaburi alimolala mke wake, akakaa kimya, akasema ni kwa ajili ya mvuke.

Vololona alilia hapo dirishani kwa sauti, mpira ukiwa umemganda mikononi, na Mama Bakoly, ambaye hakuelewa lolote, alimshika mabega akalia naye.

Kisha alishuka. Alijua atakayoyasikia. Ufunguo wa wazee jikoni, juu ya sufuria, ukipakwa masizi na mafuta ya nyama: Ralaivao alikuwa mtu wa mila, na kwa kosa dogo kuliko hilo alishawahi kususia harusi. Akampa ufunguo. Baba mdogo aliupokea, akaona masizi, akaona vipande vya waya, akaunusa. Uso wake ukakunjamana.

"Ulikuwa wapi?"

"Kwenye mfuniko wa sufuria ya mama. Ndiyo kishikio. Tangu tulipomzika mama."

Alingojea kukemewa. Ralaivao naye alikuwa ameketi Jumapili zote zile mbele ya sufuria ile, ana njaa, akimwambia kaka yake afunue basi. Alikaa akiugeuza ufunguo kiganjani.

"Nami nilikuwa namwambia anamaliza kuni," alisema.

Aliinuka, akaibeba nyundo na tindo mwenyewe, akavirudisha nyuma ya zizi.

Walifika kaburini jua likiwa limegusa bega la kilima. Kufuli lilifunguka kwa mzungusho mmoja, maana ufunguo uliokuwa unapakwa mafuta ya sufuria kila siku haukuwa na chembe ya kutu. Wakamwingiza Ratsimba kwa mlango, wakamlaza ubavuni mwa mke wake, mlango ukafungwa. Wakati wa kurudi Tiana alikuwa na udongo wa mipapai magotini, na Vololona alimshika mkono njia nzima.

Nyumbani kulikuwa na duru ya pili ya wali kwa waliotoka mbali, na sufuria ilikuwa imefunikwa na sahani iliyopwaya, mvuke unatoka pande zote. Sasa ufunguo ulikuwa wa Ralaivao, kwa kuwa yeye ndiye mkubwa aliyebaki, na kila mtu alijua utakwenda kwenye pembe ya kaskazini mashariki ya nyumba yake, juu ya kitambaa cheupe. Vololona alisikia hatua za mtu mzima ngazini, polepole. Jiko lilikuwa limeshaingia giza. Baba mdogo alitokea mlangoni na ile taa moja mkononi, imefungwa kitambaa, akaipachika. Halafu akatoa mfukoni ufunguo, waya mpya na vipande vya mpira wa baiskeli, akakaa sakafuni, akaushika mfuniko kwa magoti.

"Viringisha wewe," alisema. "Mimi nitakaza."

Walipomaliza, Vololona aliufunika wali. Wageni waliita kutoka chini kwamba wana njaa. Akaweka mkono juu ya kishikio, na wala hakufunua.