Pua ya Mama

Tangu utotoni walimwita Kiherehere, na hata alipokuwa mtu mzima mwenye funguo za maduka manne kiunoni, jina halikumbanduka. Asubuhi ungemkuta duka la sokoni akipekua mafungu ya mchicha, jua halijapanda yuko duka la karibu na hospitali akigombana na jokofu, na chai yake aliinywa wima, huku anatembea. Maduka yalikuwa ya familia. Waliuza vyakula vya asili tu, vilivyolimwa bila mbolea za viwandani wala dawa za wadudu. Kaka yake, kifungua mimba wa nyumba, alishika fedha na mipango. Yeye alishika mizigo na wafanyakazi. Mama yao alishika pua.

Ndiyo, pua. Mama ndiye aliyeanzisha yote, kwa meza moja kibarazani na chupa za asali, na mpaka leo hakuna kitu kilichopanda rafuni kabla hajakinusa. Kaka aliona mbali: kila lebo ikabeba picha ya Mama ameinamia chungu, na chini yake maneno, "Mama amenusa, Mama amekubali." Watu walinunua kwa sababu ya uso ule.

Siku hiyo mkamuaji wa mafuta ya ufuta alileta madumu yake ghalani. Kiherehere alikuwa mlangoni, amewapa mgongo, simu sikioni, anamfokea fundi wa jokofu. Nyuma yake alisikia kifuniko kikifunguliwa, kimya cha muda, kisha sauti ya Mama.

"Mazuri. Shusheni yote."

Kesho yake mpishi wa shule, mteja wao wa siku nyingi, aliingia dukani kwa kishindo na kuibwaga chupa juu ya kaunta.

"Dada, haya mafuta mliyanusa kwa pua au kwa kisigino?"

Kiherehere alifungua. Harufu ilimpiga usoni kama ya mlango uliopakwa rangi jana. Mafuta yalikuwa yamechacha, tena si leo wala jana. Alimwomba radhi mpishi, akampa chupa nyingine ya alizeti, akaenda mbio ghalani kwa mama mmoja, mfanyakazi wao, aliyekuwa akijaza chupa.

"Wewe hukusikia harufu hii?"

"Nilisikia, dada."

"Sasa mbona ukajaza?"

Yule mama akafuta mikono kwenye aproni. "Mama alishakubali. Mimi nani?"

Tangu hapo Kiherehere hakupata pa kutua. Alimpigia kaka yake, akajibiwa kwa haraka: "Mama ana mafua tu. Jumamosi tunafungua duka la tano, mabango yameshatundikwa. Usiniletee za kuleta." Alikwenda duka moja hadi jingine akizitoa chupa rafuni kwa mikono yake, na kila alipoulizwa alisema lebo zimekosewa. Alianza kukumbuka mambo: maziwa yaliyoungua nyuma ya duka huku Mama ameketi pembeni, anasoma gazeti; na maua aliyoletewa na mteja, akasema yananukia, kumbe ya plastiki. Wote walicheka siku ile, na Mama naye akacheka.

Mchana akakata shauri kwenda kumuuliza uso kwa uso.

Alipofika mlango wa nyuma, kabla hajabisha hodi, gesi ilimjaa puani. Aliusukuma mlango. Mama ameketi mezani jikoni anachagua dengu, kibiriti kando ya mkono wake. Jiko linatoa mluzi mwembamba, swichi moja imefunguliwa nusu.

"Ah, mwanangu, umekuja! Ngoja nikubandikie chai," Mama akasema, akakinyanyua kibiriti.

Kiherehere alimrukia. Kibiriti kiliruka, dengu zikamwagika sakafuni, na kabla Mama hajapata neno alikuwa ameshaburutwa uani kama mtoto mtukutu. Kiherehere akarudi ndani amebana pumzi, akafunga mtungi, akafungua madirisha, akatoka anakohoa.

"Umepandwa na wazimu?" Mama alihema. "Dengu zangu!"

"Gesi, Mama! Nyumba nzima gesi! Husikii?"

Mama akautazama mlango wa jikoni uliokuwa wazi, akavuta hewa kwa nguvu, akavuta tena.

"Sisikii," akasema. "Sisikii chochote."

Walikaa kwenye ngazi ya uani. Kiherehere akasimama, akakaa, akasimama tena. Mama alieleza bila kumtazama. Yalianza na yale mafua makali ya msimu wa mvua. Mafua yakaondoka, harufu hazikurudi. Alidhani zitarudi wiki ijayo, kisha mwezi ujao.

"Na muda wote huo ulikuwa unakubali na kukataa mizigo vipi?"

"Nilikuwa nautazama uso wako. Ukikunja pua, nakataa. Ukitulia, nakubali. Wewe huwezi kuficha kitu, uso wako ni dirisha." Akainamisha kichwa. "Siku ya mafuta ulinipa mgongo."

Kiherehere hakujua acheke au alie. "Mbona hukuniambia, Mama?"

"Nikuambie nini? Nikikosa pua, nabaki nani mle dukani? Kibibi wa kukalishwa kitini na kusalimiwa?"

Kaka alipopigiwa simu alifika upesi, tai imekwenda upande. Alimkumbatia mama yake kwa muda mrefu, akamfanya aape kutogusa jiko lile. Kisha akili ya biashara ikamrudia. "Sikilizeni. Kiherehere atanusa. Mama atakaa palepale, picha ibaki, maneno yabaki. Yataishia hapa uani. Nani ataumia?"

Kiherehere alizunguka ua kama aliyepoteza sindano. Ukweli ni kwamba wazo lile lilimvutia. Lilikuwa jepesi, na lingemwachia Mama kiti chake. Alifungua mdomo aseme sawa, akaona chupa ya yale mafuta ikichungulia kwenye mkoba wake.

"Kaka, chupa nyingine ziko majumbani mwa watu," akasema. "Tukinyamaza, tunawapigia kuwaambia nini?"

Kaka akafungua mikono kujibu, lakini Mama alishainuka, anakung'uta sketi. "Nileteeni viatu. Nipelekeni dukani."

Alisimama nyuma ya kaunta mchana ule wote. Wanunuzi waliojulikana walipigiwa simu, na kila aliyerudisha chupa Mama alimpokea mwenyewe. "Mimi ndiye niliyekosea. Pua yangu imekufa, nami nikawaficha." Wengine walidhani ni utani, wakacheka, kisha wakanyamaza. Mzee mmoja alimshika mikono yote miwili asiiachie. Mwanamke mmoja aliacha kikapu kimejaa katikati ya duka na kutoka bila kuaga. Mpishi wa shule akauliza waziwazi:

"Sasa nani atanusa?"

Macho yote yakamgeukia Kiherehere, naye akatamani sakafu impe nafasi.

Duka la tano halikufunguliwa Jumamosi ile. Lilifunguliwa baadaye, bila mabango, na kwa lebo zenye jina la duka na picha ya jani tu. Duka la sokoni lilipoa, wateja wakapungua. La hospitali halikutikisika. Kaka alinuna. Kwa muda mrefu alisema na dada yake kupitia kwa mkewe, hata walipokuwa meza moja.

"Wifi, mume wangu anasema umpitishie chumvi."

"Mwambie hii hapa."

Kazi ya kunusa ilimtesa Kiherehere kuliko alivyotegemea. Alinusa, akaweka, akaenda mpaka geti, akarudi, akanusa tena. Wasambazaji walichoka. Mwishowe akamwita yule mama wa kujaza chupa. "Na wewe unuse. Ukisikia kitu, sema, hata kama mimi nimeshakubali."

Asubuhi moja ilikuja asali. Kiherehere alinusa, akaipenda. Yule mama akanusa, akasita, akatikisa kichwa.

"Ina moshi moshi, dada. Na kitu kingine nisichokijua."

Mwenye asali akaja juu. Kiherehere akanusa mara ya tatu, hakusikia moshi wala hicho kitu kingine. Jasho lilimtoka. "Irudishe," akasema hatimaye, na mtu yule akaondoka akilaani njia nzima.

Mama, aliyekuwa ndani akipanga mayai kwenye trei, akauliza, "Ilikuwa mbaya?"

"Sijui, Mama."

Mama akageuza yai mkononi, akalitazama kwenye mwanga. "Hata mimi, nilipokuwa na pua yangu, mara nyingi nilikuwa sijui."

Nje gari la mboga lilipiga honi. Kiherehere akafuta jasho, akatoka kulipokea.